Je, Watu Wema Wanahitaji Kanuni za Mwenendo?



Likizo ya mwezi wa sita mwaka jana, sisi mafrateri watatu tunaotoka upande wa Basotu, wilayani Hanang, tuliwakusanya vijana kumi na wawili, wengine wa kigango chetu na wengine majirani wasiosali kanisani, tukaanza kazi tuliyoamini ni njema. Tulitaka maeneo yetu yaonekane kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo kila mtu anaruhusiwa kuitumia bure na kila mtu anaruhusiwa kuichangia. Ziwa Basotu lilikuwapo kwenye ramani hiyo, na barabara ya kwenda Katesh ilikuwapo. Visima, majosho na vitongoji vingi havikuwapo. Tuligawana maeneo, tukafungua kundi la WhatsApp, tukaanza kutembea na simu zetu.

Wiki ya pili, binti mmoja wa Kidatoga aliandika jina la kitongoji chao kama bibi yake anavyolitamka. Kesho yake kijana mwingine alilifuta, akaweka jina la Kiiraqw analolijua yeye. Binti alipouliza sababu, kijana akajibu kwa utani kwamba watu wa ng'ombe wawaachie ramani watu waliosoma. Vikaragosi vya kucheka vikamiminika. Sisi mafrateri tulisoma yote hayo usiku uleule na hatukuandika kitu. Tulijiambia ni utani wa makabila, utapita. Siku mbili baadaye binti yule alitoka kwenye kundi, na hakuna aliyemfuata.

Tulipokutana na mama yake siku ya mnada, alitusalimia vizuri, akatuuliza habari za masomo, kisha akasema: "Frateri, mwanangu anasema kule kwenu hakuna wa kumwambia."

Tangu siku ile tumekuwa tukibishana wenyewe kwa wenyewe kama kikundi chetu kinahitaji kanuni za mwenendo zilizoandikwa. Mmoja wetu alisema hapana, sisi ni watu wa Injili na amri ya mapendo inatosha. Anayeipenda Injili hamdhihaki mwenzake, na asiyeipenda hatabadilishwa na karatasi. Hoja hiyo ina uzito, nasi tuliikubali kwa muda. Leo tunataka kueleza kwa nini tumeiacha, kwa sababu tumegundua kwamba watu wengine walikwishaulizana swali hilihili kabla yetu, na mmoja wao alilijibu kwa kufungua Kanuni ya Mtakatifu Benedikto.

Watu hao ni watengenezaji wa programu huria. Programu huria ni programu ya kompyuta ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi: unaruhusiwa kuyasoma, kuyarekebisha na kumgawia jirani. Nyingi hutengenezwa na watu waliotawanyika duniani, wengi wao hawajawahi kuonana, na baadhi yao hawalipwi chochote. Mtu wa Arusha anaona kosa, anapendekeza marekebisho, mtu wa Finland anayakubali au anayakataa. Kinachowaunganisha ni kazi yenyewe na maneno wanayoandikiana.

Mambo haya hayako mbali nasi. Simu yoyote ya Android aliyonayo mfugaji kwenye mnada wa Basotu inaendeshwa na kiini cha Linux, ambacho ni programu huria, na ndani yake kuna SQLite, programu huria nyingine inayotunza majina na ujumbe wake. Takwimu za zahanati zetu nchini hupitia DHIS2, mfumo huria ulioanzia katika Chuo Kikuu cha Oslo, na ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa na mkono mkubwa katika kuuweka hapa kwetu. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa kuchora kata za Dar es Salaam zinazokumbwa na mafuriko, na kazi yao ikaingia kwenye OpenStreetMap hiihii tuliyoichangia sisi. Na mwezi Novemba 2023, Zanzibar ilipokea mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa, uliowaleta pamoja waandishi wa programu wa bara letu. Kwa hiyo jinsi watu hawa wanavyotendeana ni jambo linalotuhusu, hasa vijana wetu wanaotamani kuingia katika kazi hiyo.

Na kwa miaka mingi hawakutendeana vizuri. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Linux. Linus Torvalds, aliyeianzisha mwaka 1991, alisifika kwa akili na kwa ulimi mkali. Aliyeleta kazi yenye kasoro aliweza kutukanwa mbele ya maelfu ya wasomaji. Wengi walimtetea: kazi ni kubwa, makosa ni hatari, na anayeshindwa kustahimili maneno aende kwingine. Mwaka 2015 mradi ulitoa waraka mfupi ulioitwa Kanuni za Migogoro, ambao kwa sehemu kubwa uliwaomba watu wavumiliane. Tarehe 16 Septemba 2018 Torvalds mwenyewe aliandika kuomba radhi kwa maneno yake, akasema anapumzika kwa muda ili apate msaada wa kuelewa hisia za watu, na siku hizohizo mradi ukachukua kanuni mpya za mwenendo. Mwezi uliofuata alirudi kazini. Waliokuwa wamekwisha kuondoka kimyakimya katika miaka yote ile hakuna aliyewahesabu. Mtu aliyetukanwa akaondoka haachi alama yoyote kwenye kazi, na waliobaki huona kwamba mambo yanakwenda sawa. Ndivyo tulivyoona sisi baada ya binti yule kuondoka. Kundi lilitulia, tukadhani ni amani.

Wengine walianza mapema zaidi. Mradi wa Ubuntu, uliotoa toleo lake la kwanza Oktoba 2004, ulikuwa na kanuni za mwenendo tangu mwanzo. Jina lenyewe ni neno la Kibantu ambalo msomaji wa Kiswahili halihitaji kutafsiriwa, kwa maana ni utu. Waanzilishi wake walikuwa wamechukua neno la Afrika kueleza kwamba mtu hukamilika kwa njia ya watu wengine, na bado waliona neno zuri peke yake halitoshi, wakaandika mwenendo unaotarajiwa kwa kila anayejiunga.

Sasa tuje kwa Benedikto. SQLite ilianzishwa mwaka 2000 na D. Richard Hipp. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba wateja walipoitaka kanuni za mwenendo, yeye alichukua sura ya nne ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ile inayoorodhesha vyombo vya kazi njema, akaiweka kama ilivyo. Sura hiyo ina maagizo zaidi ya sabini. Huanza na kumpenda Mungu na jirani, hupita katika kuwasaidia maskini, kuwatembelea wagonjwa, kutolipiza kisasi, kuacha kunung'unika na kupunguza maneno mengi, na huishia na kutokukata tamaa juu ya huruma ya Mungu. Ilizua mjadala mkubwa. Baadhi walidhani ni dhihaka, wengine waliona ni kuwalazimisha watu dini. Hipp alieleza kwamba ni ahadi yao wenyewe watengenezaji, na kwamba hakuna mtumiaji anayelazimishwa kuifuata. Hatimaye waraka ule uliitwa kanuni za maadili za waanzilishi, na kwa upande wa mwenendo wa jumuiya wakaelekeza kwenye mwongozo ulioandikwa na Mozilla.

Tulipoisoma habari hii kwa mara ya kwanza, tulifurahi sana. Mmonaki wa karne ya sita kuingia katika programu iliyomo ndani ya kila simu ya Android! Sisi tuliokulia katika nchi ya Peramiho na Ndanda, ambako wana wa Benedikto walijenga shule, hospitali na makanisa, tuliona ni kama ndugu yetu ametajwa ugenini. Lakini furaha ilipopungua tulijiuliza swali moja: kama sura ile ingekuwa ndiyo kanuni ya kikundi chetu, binti yule angefanya nini usiku ule alipodhihakiwa?

Jibu ni kwamba angejua kwamba aliyemdhihaki amekosea, basi. Alilijua hilo tayari. Sura ya nne haimwambii aende kwa nani, huyo atafanya nini, kwa muda gani, na itakuwaje kama mkosaji ni mmoja wa wakubwa. Inaeleza vizuri sana mtu mwema anafananaje, na inanyamaza kuhusu siku ambayo mtu mwema ameumizwa na mwenzake.

Hapa falsafa tunayosoma inatusaidia. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa Theologiae, sehemu ya kwanza ya kitabu cha pili, swali la 96, anauliza kama sheria ya wanadamu inapaswa kukataza kila uovu. Anajibu kwamba haipaswi. Sheria huwekwa kwa ajili ya umati wa watu ambao wengi wao hawajakamilika katika fadhila, na kwa hiyo hukataza maovu mazito zaidi, hasa yale yanayowadhuru wengine na ambayo yasipozuiwa jamii haiwezi kudumu. Akiweka mzigo wa wakamilifu juu ya wasio wakamilifu, mtunga sheria huwafanya waidharau sheria yote. Kwa maneno yetu ya kawaida: kikundi cha watu mchanganyiko kinahitaji makatazo machache ambayo kila mtu anayaelewa na ambayo kweli yatasimamiwa. Kumwagiza kijana asiyebatizwa wa Basotu apende kufunga ili achore kisima kwenye ramani ni kuchanganya shule ya utakatifu na ulinzi wa jirani. Vyote viwili ni vyema, ila kila kimoja kina mahali pake.

Lakini tusimlaumu Benedikto. Yeye hakuishia kwenye sura ya nne. Ana sura sabini na tatu, na tunadhani sehemu ambayo jumuiya ya watu wanaofanya kazi pamoja inaihitaji zaidi iko mbele kidogo. Katika sura ya tatu anaagiza kwamba panapokuwa na jambo kubwa ndugu wote waitwe kutoa shauri, akisema kwamba mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo bora. Kuanzia sura ya ishirini na tatu anaeleza kwa utaratibu la kufanya ndugu anapokosa. Aonywe faraghani na wakubwa wake mara ya kwanza, kisha mara ya pili. Asipobadilika aonywe mbele ya wote. Ndipo atengwe, na kutengwa kwenyewe kupimwe kulingana na uzito wa kosa. Katika sura ya ishirini na saba anamwagiza abati amhangaikie aliyetengwa kama mganga anavyomhangaikia mgonjwa, na awatume ndugu wenye hekima wamfariji kimyakimya asizame katika huzuni. Sura ya ishirini na tisa inampokea aliyeondoka hata mara ya tatu. Na sura ya sabini inamkataza mtu yeyote kujitwalia mamlaka ya kumwadhibu mwenzake kwa hasira zake.

Utaratibu huo unafanana sana na ule ambao Bwana anaufundisha katika Injili ya Mathayo, sura ya kumi na nane: kwanza wewe na yeye peke yenu, kisha pamoja na shahidi mmoja au wawili, kisha mbele ya kanisa. Kwa hiyo ndugu yetu aliyesema kwamba Injili inatosha alikuwa na haki, isipokuwa alisahau kwamba Injili yenyewe ina utaratibu wa malalamiko. Amri ya mapendo iko palepale, na pembeni yake kuna hatua za kufuata pale mapendo yanapovunjika.

Kanisa limejifunza hilo kwa maumivu. Hatukukosa mafundisho juu ya usafi wa moyo na heshima ya watoto. Tulikuwa nayo tangu mwanzo. Hata hivyo, mahali pengi aliyeumizwa na mtu wa Kanisa hakuwa na pa kwenda, au alikwenda kwa watu waliotanguliza sifa ya taasisi. Mwezi Mei 2019 Papa Fransisko alitoa barua yake Vos estis lux mundi, akaagiza kila jimbo liwe na njia ya kudumu ya kupokea taarifa za unyanyasaji, njia ambayo watu wanaweza kuifikia kwa urahisi. Mwaka 2023 aliithibitisha kuwa sheria ya kudumu. Kosa la kijana wetu kwenye WhatsApp si la uzito huo hata kidogo, wala hatulinganishi. Tunachokichukua ni hatua ile moja: Papa hakuona kuwa inatosha kuwakumbusha watu wa Kanisa wawe wema, aliagiza pawepo mahali pa kupeleka taarifa.

Nyumbani kwetu wazee walikwisha kulijua jambo hili. Mwanaanthropolojia George Klima, aliyeishi na Wabarabaiga na kuandika juu yao katika miaka ya 1960, alieleza baraza lao la wanawake, girgwageda gademga. Mwanamume akimkosea mwanamke kwa namna inayovunja heshima ya wanawake, wanawake hukutana, husikiliza, na huweza kumtoza mkosaji ng'ombe. Mume hawezi kuwazuia kukutana. Mama aliyetuambia kwamba kule kwetu hakuna wa kumwambia anatoka katika jamii ambayo mwanamke ana wa kumwambia. Alikitazama kikundi cha mafrateri wenye simu janja na masomo ya falsafa, akaona kimepungukiwa kitu ambacho bibi zake walikuwa nacho. Tulipolitafakari hilo tuliona aibu, na tunaona ni vema tuiseme hadharani.

Kuna somo la pili katika ardhi ileile. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika tambarare za Basotu, na kwa jumla yakafikia ekari laki moja na zaidi. Waliopanga mradi waliiona nchi tupu yenye majani. Wafugaji walioishi humo walikuwa na taratibu zao za malisho ya masika na ya kiangazi, za visima, na za makaburi ya wazee wao. Taratibu hizo zilikuwa za kweli, lakini hazikuandikwa popote ambapo mgeni angeziona. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki, na katikati ya miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Hatusemi kwamba karatasi ingewaokoa, maana nguvu zilizokuwa upande wa pili zilikuwa kubwa. Tunasema kwamba kitu kikiwa cha wote, mgeni hudhani hakina kanuni, na mwenyeji hudhani kila mtu anazijua. Jumuiya za programu huria zilikuwa hivyo. Leseni ziliandikwa kwa uangalifu mkubwa, zikieleza nani anaruhusiwa kunakili nini. Namna ya kusemezana iliachwa hewani. Waliokuwamo tangu mwanzo walijua nani hatanii, nani mkali lakini ana moyo mzuri, na utani upi unavumiliwa. Aliyekuja jana, hasa kama ni msichana, au Kiingereza chake si kizuri, au anatoka kijijini, alijifunza kwa kuumia. Kanuni iliyoandikwa humsaidia huyo kwanza.

Wapo wanaoogopa kanuni hizi, na tunataka kuwajibu kwa haki. Wengine husema ni mambo ya Magharibi yanayoletwa kwetu pamoja na mitazamo ambayo hatuishiriki. Ni kweli kwamba kanuni nyingi zimeandikwa Marekani na Ulaya, na kwamba kunakili waraka wa watu wengine bila kuufikiria ni uvivu. Ndiyo maana tunapendekeza tuandike wenyewe, kwa Kiswahili, kutokana na mambo yaliyotokea kwetu. Wengine huogopa kwamba kanuni itageuzwa fimbo ya kuwanyamazisha wenye maoni tofauti, wakiwamo waamini. Hofu hiyo nayo ina msingi, maana kanuni mbaya huweza kutumika hivyo, na kanuni ya watu wa dini huweza vilevile kutumika kuwafukuza wasio wa dini hiyo. Dawa yake ni ileile ya Thomas na ya Benedikto: makatazo yawe machache, yahusu matendo na maneno ya mtu kwa mtu, na asiadhibiwe mtu kabla hajasikilizwa. Mahali pasipo kanuni, hukumu haikosekani. Hutolewa na mwenye sauti kubwa, hutolewa kwa kicheko, na haina rufaa. Binti yule alihukumiwa siku ile, na hukumu ilipitishwa kwa vikaragosi.

Wengine tena wanasema kikundi cha watu kumi na wawili ni kidogo mno kuwa na kanuni. Sisi tunaona ukubwa si kitu. Mtu mmoja kati ya kumi na wawili ni wa kutosha kuumia, na sisi wafuasi wa Yesu tunaijua hesabu ya kumi na wawili.

Haya basi ndiyo tunayopendekeza kwa kikundi chetu, nasi tutayapeleka mbele ya vijana wote likizo ijayo, wakubwa na wadogo, ili wayakatae au wayarekebishe.

Kwanza, jina la mahali liulizwe kwa wanaoishi pale. Hiyo pia ndiyo desturi ya OpenStreetMap, kwamba ramani ifuate hali ilivyo mahali penyewe, na ramani ile inaruhusu mahali pamoja pawe na majina zaidi ya moja. Hakuna atakayefuta kazi ya mwenzake kabla ya kumuuliza.

Pili, ni marufuku kumdhihaki mtu kwa kabila lake, dini yake, jinsia yake, lugha yake au kiwango chake cha shule. Tunajua utani wa makabila ni mali yetu Watanzania na umetusaidia kuishi pamoja. Kipimo kitakuwa rahisi: utani unahitaji watu wawili wanaocheka. Anayetaniwa akisema inatosha, inatosha.

Tatu, wawepo watu wawili wa kupokea malalamiko, mama mmoja na kijana mmoja, na wote wawili wasiwe mafrateri. Majina yao na namba zao yawe juu kabisa ya kundi. Tumeliwekea mkazo jambo hili kwa sababu sisi tulisoma matusi yale na kunyamaza, na kwa sababu vijana wetu wanatuheshimu kupita kiasi. Ni vigumu kumshitaki anayetarajiwa kuwa padre kwa rafiki yake anayetarajiwa kuwa padre. Malalamiko dhidi ya frateri yatasikilizwa na hao wawili pamoja na mwenyekiti wa kigango, na frateri atakaa nje kama mwingine yeyote.

Nne, hatua ziwe zile za Mathayo na Benedikto. Mkosaji ataonywa faraghani, kisha mbele ya wawili, kisha atasimamishwa kwa muda unaotajwa. Akiwa nje, mmoja wetu atamtembelea. Muda ukiisha atapokewa, na hakuna atakayemkumbusha. Kwa kosa zito linalogusa sheria za nchi, hasa linalomhusu mtoto, hatua hizi hazitumiki. Habari itapelekwa mara moja kwa wenye mamlaka.

Tano, kanuni isomwe kwa sauti kila tunapoanza likizo, na kila mwaka tuulizane ni wapi ilishindwa. Benedikto mwenyewe aliiita kanuni yake ndogo na ya kuanzia. Yetu itakuwa ndogo zaidi.

Kuhusu yule kijana aliyeandika maneno yale, hatukumtangaza, na hatutamtangaza. Tumezungumza naye. Alishangaa kwamba jambo lile lilikuwa bado linakumbukwa, na tulimwambia ukweli kwamba yeye alikosa kwa kusema na sisi tulikosa kwa kunyamaza, na kwamba katika kundi lile ni sisi tuliokuwa na wajibu mkubwa zaidi. Amekubali kwenda pamoja nasi.

Kwa hiyo kabla ya kanuni hizi kusomwa kwa mtu yeyote, kuna safari ya kwenda nyumbani kwa binti yule, ng'ambo ya mashamba ya ngano. Tutapeleka karatasi yetu, na tutamwomba mama yake aisikilize kabla ya wengine, kwa kuwa yeye ndiye aliyetuonyesha kilichopungua. Jina la kitongoji bado liko kwenye ramani kama lilivyobadilishwa. Tumekubaliana kwamba hatutaligusa sisi. Bibi yake akitutamkia, binti mwenyewe ataliandika, akipenda.